Trekta Nililonyimwa

Nilikwenda kununua trekta nikiwa na hela kamili, na mwenye duka akakataa kuniuzia.

Sio kwamba halikuwepo. Lilikuwepo pale uani, limeoshwa mpaka linang'aa, bei imebandikwa kwenye kioo. Nikamwambia nalichukua hili.

Mzee Stipe akafuta mikono yake kwa tambara, polepole, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Hili sikuuzii, Glenys."

Nikacheka. Nilidhani ni mbwembwe za wauzaji.

"Lina mtu?"

"Halina mtu."

"Bovu?"

"Zima kabisa."

"Sasa?"

"Sasa rudi nyumbani ukapime vitu vitatu. Geti lako jembamba kuliko yote lina upana gani. Mzigo wako mzito kuliko yote una kilo ngapi, na unaubeba mara ngapi. Na ile njia yako ya kilimani imeinama kiasi gani. Ukija na majibu tutaongea." Akakunja tambara. "Ila hili hapa, hata ukija na majibu, sikuuzii."

Jamani. Nina miaka hamsini na sita. Nimeshanyimwa likizo, nimeshanyimwa mkopo, lakini kunyimwa kitu ambacho hela yake ninayo mkononi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Tuna ekari sitini kwenye vilima vya nyuma ya mji wa Korumburra. Ishirini za chini, kandokando ya kijito, ni tambarare. Arobaini zilizobaki ni kilima, na kilima chenyewe si mchezo. Huku kwetu watu hutania kwamba ng'ombe wetu wana miguu mirefu upande mmoja.

Shamba lilikuwa la baba mkwe. Mume wangu, Clem, akalirithi. Mimi nililirithi mwezi Machi mwaka juzi, asubuhi moja, Clem alipodondosha kikombe cha chai jikoni halafu akashindwa kuniambia kwamba amekidondosha.

Kiharusi.

Mkono wa kulia ukafa. Mguu wa kulia ukawa wa kuburuza. Na maneno yakaondoka yote.

Clem niliyemjua mimi alikuwa mtu wa kumsimamisha dereva wa lori la maziwa nusu saa nzima kwa habari za mvua tu. Sasa akabakiwa na neno moja.

"Haya."

Una njaa? Haya. Unaumwa? Haya. Nizime televisheni? Haya.

Dada anayemfundisha kuongea, kwenye mazoezi yake ya kila Jumanne mjini, akaniambia maneno bado yamo ndani, ila mlango umekwama. Akasema nimpe muda. Nimpe karatasi na penseli. Na kitu kimoja alikikazia sana, nisimjibie.

Muda! Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Namvisha Clem, nalisha ng'ombe, nakimbilia zamu yangu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nawavisha wazee wa watu, narudi nalisha tena. Huo muda ningeutoa mfuko gani?

Kwa hiyo Clem akisema haya, mimi naandika ndiyo. Maisha yanasonga.

Halafu mwezi Mei trekta likafa.

Lilikuwa la baba mkwe hilo nalo, nguvu za farasi thelathini na tano, limeanza kazi kabla sijazaliwa. Injini ikapasuka, fundi akalitazama akavua kofia kama yuko msibani.

Na hata lilipokuwa hai lilinitesa. Kila nikibeba robota la nyasi, yale ya duara ya kilo mia nne, tairi za mbele zinanyanyuka juu nabaki naendesha hewa. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi tu. Dogo limenitesa, basi nanunua kubwa.

Jirani yetu wa bondeni, Kelvin Noonan, akaja jikoni kuitia hesabu hiyo muhuri. Kelvin ni mtu mwema, ila ana sauti kama spika ya mkutano, na shamba lake lote limelala kama meza.

"Kubwa halikosi kazi, Glenys. Dogo ndilo litakalokuangusha."

"Hata kilimani?"

"Kilimani ndiyo kabisa! Linapanda lenyewe, wewe umekaa unasikiliza redio. Mzee Stipe analo moja pale mjini, farasi mia na kumi. Kalichukue kabla sijalichukua mimi."

Clem alikuwa amekaa dirishani na chai yake. Nikamgeukia.

"Unaonaje, mume wangu? Tulichukue?"

"Haya," akasema. Akaweka kikombe chini. "Haya. Haya, haya, haya!"

Nikamwambia Kelvin, umemsikia? Hata yeye analitaka.

Ndiyo maana nikawa pale uani kwa Stipe siku ya Jumatano, nanyimwa.

Na sababu nilikuwa naijua, au nilidhani naijua. Kama angekwenda Clem mzima na miguu yake, wangeshikana mikono, wangekunywa kahawa nyeusi, trekta lingeondoka jioni ileile. Mimi naulizwa upana wa geti kama mtoto wa shule.

"Kama ni kwa sababu mimi ni mwanamke, niambie hapa hapa."

Mzee wa watu akaangalia viatu vyake.

"Nenda kapime, Glenys."

Sikupima chochote. Nilipiga mlango wa pikapu mpaka kioo kikalia.

Jumamosi Kelvin akanipeleka mnadani, kule kwenye nyanda za Maffra, kwa mkulima mmoja aliyekuwa anastaafu na kuuza kila kitu mpaka ndoo. Trekta la aina ileile lilikuwepo. Farasi mia na kumi, tani tano na ushee, kibanda cha vioo, hita, redio, mikono ya mbele ya kunyanyulia mizigo.

Nikapanda nikakaa. Kiti kilikuwa laini kuliko kitanda changu.

Nitawaambia ukweli. Sikulipenda kwa nguvu zake. Nililipenda kwa sababu nilipokaa mle ndani, kwa mara ya kwanza tangu Machi, nilihisi kama kuna mtu amenipokea mzigo.

Nikanyoosha mkono mara nne. Likawa langu.

Lilipofika nyumbani, Clem alikuwa barazani. Akalitazama likishushwa. Akagonga fimbo yake sakafuni mara tatu.

"Haya!" Uso mwekundu. "Haya!"

"Umeona lilivyo zuri?" nikamwambia.

Akageuka, akaenda kulala, uso ukutani. Nikasema amechoka.

Mateso yalianza na geti.

Geti la pale bandani baba mkwe alilijenga enzi za vitrekta vidogo. Siku ya kwanza nilipita, nafasi iliyobaki kila upande haitoshi kupitisha ngumi. Siku ya tatu kulikuwa na mvua, nikaingia kimshazari kidogo tu.

Nguzo ikang'oka kama jino. Seng'enge ikalegea. Ng'ombe kumi na mmoja wakatoka barabarani, na mimi nyuma yao na ndara za nyumbani kwa saa mbili nzima.

Bandani nako halikuingia, kibanda kinagonga paa. Likawa linalala mvuani.

Nikalifungia ile mashine yetu ya kufyekea miiba. Mashine hiyo ilikuwa imezoea kuzungushwa na farasi thelathini na tano. Zamani ikigonga kisiki, trekta lenyewe linazimika, unashuka unatukana unaendelea. Hili halikuzimika. Halikuhisi hata kidogo. Likaendelea kuzungusha mpaka shafti ikajipinda kama kijiko.

Na ardhi. Mwezi Juni ardhi yetu ni uji. Kila nilipopita niliacha makovu ya kufika gotini, na kwenye makovu hayo maji yanakaa, na penye maji nyasi hazioti.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni daraja.

Ng'ombe wetu majira ya baridi wanakaa ng'ambo ya kijito. Daraja ni la mbao, linabeba tani tatu. Kibao kipo pale, Clem alikipigilia misumari mwenyewe. Trekta langu lina tani tano, ukiongeza robota ndiyo usiseme.

Kwa hiyo kila asubuhi nazunguka. Napanda kilima mpaka juu kwenye chemchemi ambako kijito kinaanzia, nakata ubavuni, nashuka upande wa pili. Safari ya dakika nane ikawa dakika arobaini. Kwenda tu.

Kuna uchovu wa kupiga miayo, huo ni wa kawaida. Wangu ulikuwa mwingine. Nilikuwa naegesha gari kazini halafu nashangaa, nimefikaje? Kibibi kimoja pale kazini, kina miaka tisini na moja, kilinishika shavu kikaniambia, "Binti, kaa hapa kitandani, mimi nitakuvisha."

Nikaenda chooni nikalia.

Kelvin akinikuta barabarani ananipigia honi. "Vipi mnyama?"

"Safi tu!"

Ningesema nini? Mtu akinunua kitu kikubwa mbele za watu, hata kikimtafuna atakwambia kinamkuna.

Ikafika Agosti. Siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, mvua imekatika, jua la uongo.

Nilikuwa ubavuni mwa kilima, robota liko mbele. Na nilikuwa nimelinyanyua juu ili nione njia chini yake. Kila anayejua trekta hapo ameshashika kichwa. Mzigo kilimani unabebwa chini, karibu na ardhi. Nilijua. Nimeolewa kwenye shamba miaka thelathini na moja, nilijua. Ila mtu aliyechoka hafanyi anachokijua, anafanya kilicho rahisi.

Tairi la chini likaingia kwenye shimo la wombati, wale wanyama wanene wachimbaji, huku kwetu wanachimba kama wamelipwa.

Lilizama kidogo tu. Kwenye tambarare ningetikisika nikasonya.

Kilimani, trekta likaegama. Polepole. Hilo ndilo nisilolisahau, lilivyokuwa polepole, kama mtu anayefikiria. Nikaona robota likielekea bondeni, nikaona mbingu upande ambao haikupaswa kuwa.

Halafu kishindo.

Kisiki kikubwa cha mkaratusi ndicho kilichotudaka. Bila kile kisiki tungefingirika mpaka kijitoni. Nilibaki nimening'inia kwenye mkanda, bega limevunjika, vioo kila mahali, na redio inaendelea kusoma bei za ng'ombe.

Simu ilikuwa imerukia huko nje kwenye matope. Niliisikia ikiita mara moja. Kazini, wakiniuliza niko wapi.

Nikamuwaza Clem. Nikajisemea, ndiyo basi. Mtu pekee anayeweza kuniona ni mtu asiyeweza kumwambia mtu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Kelvin.

Alikuwa anarudi kutoka kununua pai ya nyama. Kwenye kona ya geti letu akakanyaga breki mpaka pai ikaruka kwenye dashibodi. Clem alikuwa amesimama katikati ya barabara. Hana fimbo. Soksi tupu, matope mpaka magotini.

Kutoka nyumbani mpaka barabarani ni mita mia nne. Clem siku hizo, kwa nilivyojua mimi, alikuwa hajawahi kutembea zaidi ya baraza na gari.

"Clem! Kuna nini? Glenys yuko wapi?"

"Haya!"

"Yuko nyumbani?"

"Haya! Haya!"

Kelvin anasema alitaka kumpandisha kwenye gari amrudishe ndani. Clem akamkamata ukosi wa shati kwa ule mkono mmoja, akamgeuza kichwa kama unavyomgeuza ndama, mpaka macho ya Kelvin yakatazama kilimani. Tairi nne zinatazama pembeni.

Watu wa zimamoto wa kujitolea walinitoa kwa kukata mlango. Mfupa wa bega, mbavu tatu. Daktari akasema mkanda ndio umeniokoa. Sikumwambia kwamba kwa kawaida sikuwa naufunga, siku ile niliufunga tu kwa kuwa kiti kilikuwa kinanirusha.

Wiki ya pili niko nyumbani, mkono umefungwa kifuani, akaja mzee Stipe. Jumanne. Ana keki ya tufaha aliyooka dada yake.

"Nimekuja leo kwa sababu najua Clem yuko mjini kwenye mazoezi," akasema.

"Umekuja kuniambia ulinionya?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

Nikamtazama. Yeye aombe msamaha kwa lipi?

"Nilipewa siri niitunze, Glenys. Nimeitunza vibaya."

Akatoa karatasi mfukoni. Zilikuwa vile vipeperushi vya bei vya dukani kwake, upande wa nyuma umechorwa kwa penseli. Mistari inayotetemeka, kama ya mtoto wa chekechea.

"Mazoezi ya Clem yanaisha saa nne," akasema. "Gari la kuwarudisha linakuja saa tano na nusu. Wewe ulidhani anakaa wapi?"

"Palepale ndani."

"Anavuka barabara. Anakuja karakana kwangu. Anakaa kwenye tairi bovu, anachora."

Akaniwekea ya kwanza mezani. Geti, na pembeni namba. Mbili, nukta, nne. Mita mbili na nusu kasoro.

Ya pili, daraja. Chini yake tatu.

Ya tatu ilikuwa mstari mmoja umeinama. Juu yake trekta, limelala chali, tairi juu. Na chini ya trekta mtu amevaa sketi. Mimi sijavaa sketi tangu siku ya harusi, lakini nilijijua. Juu ya picha nzima kulikuwa na mkato mkubwa, umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

"Hiyo aliileta Jumanne ile," Stipe akasema. "Siku moja kabla hujaja wewe. Akanikaba hapa ukosini, akanitikisa, akawa ananionyesha lile trekta uani na hii picha, lile trekta na hii picha. Hakuniachia mpaka nimeapa."

Nikaigeuza ile karatasi, uso chini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona ni kumvunjia heshima. Mtu amenyang'anywa mdomo, halafu mimi nisimame uani nimsemee kwa mkewe? Nikajiambia nitakunyima tu, utakasirika, utapoa, utarudi." Akashika paji la uso. "Ya mnada sikuyafikiria. Mimi mzee mzima nimeuza matrekta miaka arobaini na moja, sikuyafikiria."

Mimi niliyedhani ninadharauliwa kwa sababu ni mwanamke.

"Kuna hii ya mwisho," akasema. "Hii ameshaileta mara sita. Kila wiki anaichora upya."

Ilikuwa shamba letu, kama ndege angeliona kutoka juu. Kijito, nyumba, kilima. Kati ya tambarare na kilima amepiga mstari. Kilima chote amekifuta kwa penseli, cheusi. Huku chini kwenye tambarare kuna viti viwili, watu wawili wamekaa. Pembeni yao trekta, dogo.

"Anataka kilima kiende, Glenys."

"Haiwezekani. Hicho kilima ni cha baba yake. Clem hawezi—"

Nikaishia hapo. Nilikuwa namjibia tena.

Clem alirudi saa sita. Akaingia akiburuza mguu, akaona karatasi mezani, akakaa taratibu. Akanitazama kama mtu anayesubiri hukumu.

"Clem. Kilima tukiachie?"

"Haya," akasema.

Nikataka kuinuka nikachemshe chai. Mazoea, si unajua. Nikajilazimisha kukaa. Nikachukua kadi, nikaandika kwa mkono wangu mzima, NDIYO upande huu, HAPANA upande huu. Nikaisukuma kwake.

Ilichukua dakika mbili, labda tatu. Niliisikia saa ya ukutani. Kidole chake kikatembea, kikasita, kikatua.

NDIYO.

Nikaivuta kadi, nikairudisha kwake.

"Na siku ile jikoni, nilipokuuliza habari ya trekta kubwa. Ulilitaka?"

Hakusita hata kidogo. Akagonga HAPANA kwa kidole mpaka kikombe kikatikisika. Akagonga tena. Na tena.

Miezi mitano nilikuwa naishi na mtu anayenipigia kelele za hapana, na mimi naandika ndiyo.

Nikalia, na mbavu zilizovunjika haziruhusu kulia. Nikamwambia na langu. Kwamba nakichukia kile kilima. Kwamba nilikuwa nakipanda kila asubuhi kwa ajili yake, nikiamini siku tukikiacha ndiyo tumekubali kwamba hatapona.

Akaniwekea mkono wake mzima kichwani. Hakusema kitu, hata haya.

Mwezi Oktoba tukamkodisha Kelvin kilima. Ameweka mitamba yake, inapanda yenyewe, hakuna mashine inayokwenda kule. Ng'ombe tumebaki na kumi na wanne. Nguzo ya geti Kelvin alikuja kuisimika mwenyewe bila kuombwa.

"Kubwa halikosi kazi," nikamwambia akiwa anachimba.

"Glenys, nakuomba, ninyamazie."

Kisha nikarudi kwa Stipe. Safari hii nilikuwa nimepima.

"Geti unalijua. Robota ni kilo mia nne, moja kwa siku, miezi minne ya baridi."

"Na kilima?"

"Kilima hakuna."

Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa mara moja tu.

Kulikuwa na kitrekta kizuri pale, farasi ishirini na tano, bei yake ya huruma. Nilikuwa nimeshaogopa vikubwa. Nikakipapasa.

"Hicho nacho sikuuzii," Stipe akasema.

"We mzee!"

"Kitanyanyua robota lako mara ya kwanza. Mara ya pili kitakunyanyua wewe. Si umeshawahi kuendesha hewa? Kidogo kinaua, kikubwa kinaua. Njoo huku."

Akanionyesha lingine. Farasi arobaini na tano, tani mbili kasoro, fremu ya chuma ya kukinga kichwa, uzito wa kufunga nyuma ili mbele pasizidiwe. Linapita getini. Linavuka daraja na robota lake. Linalala bandani. Nikasema hili.

"Niachie wiki moja," akasema. "Kuna vitu vya kurekebisha."

Lilipoletwa nikapanda, nikaona mambo hayajakaa sawa. Pedali za kwendea zimehamishiwa kushoto. Kwenye usukani kumefungwa kirungu cha kushikia, kama vile vya madereva wa winchi, nacho kushoto. Nikampigia simu.

"Mzee Stipe, mafundi wako wamekosea. Kila kitu kiko upande wa kushoto."

"Hawajakosea."

"Sasa mimi nitaendeshaje?"

"Utajifunza. Mwenzio ameshajua."

"Mwenzangu nani?"

Halafu nikamsikia mzee anacheka kwa chini.

"Glenys, ulikuja na upana wa geti, ukaja na kilo za robota. Hukuniuliza trekta linatakiwa kumtosha nani. Clem amezunguka uani kwangu Jumanne nane. Dada wa mazoezi ya viungo anavuka barabara naye, anasimama pale na saa mkononi. Karatasi ya ruhusa ameisaini. Tambarare tu, gia ya chini, mkanda umefungwa, na mtu awe karibu."

Nikageuka. Clem alikuwa nyuma yangu, ameshavaa buti. Kalivaa la kulia mwenyewe, kamba zimefungwa hovyo.

Nikashuka.

Alipanda kwa dakika nzima. Mguu mzima kwanza, halafu ule mwingine akaunyanyua kwa mkono kama mzigo. Akafunga mkanda. Akashika kirungu. Trekta likaondoka taratibu, likapita getini bila kugusa nguzo, likaingia darajani, na ng'ombe wote kumi na wanne wakainua vichwa, wakaanza kumfuata.

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi. Sikuwa na cha kufanya. Nikaigeuza ndoo, nikaikalia.

Hayo ndiyo yaliyonikuta. Kama unataka kununua trekta, usinunue kwa hasira, wala kwa mdomo wa jirani mwenye shamba lisilofanana na lako. Kapime geti. Kapime daraja. Mzigo wako ukupe jibu, na kilima kama unacho kiogope. Halafu muulize unayeishi naye, mpe karatasi, na ungoje ajibu mwenyewe. Hapo kwenye kungoja ndipo nilipofeli mimi.

Bado nachoka. Bega linauma kukiwa na baridi, na wazee wa kazini bado wanavishwa kila asubuhi.

Ila siku hizi nikichoka, nakaa.